Mwalikwa Kama Shahidi: Marafiki Katika Ndoa za Watu wa Jinsia Moja

Ndoa, kwa macho ya sheria za nchi nyingi, haifungwi na watu wawili peke yao, bali humhitaji mtu wa tatu aliyepewa mamlaka ya kuifungisha, na mara nyingi mtu wa nne au wa tano atakayetia saini kuthibitisha kwamba maneno ya kukubaliana yalisemwa kwa hiari na yakasikika. Tangu Uholanzi iwe nchi ya kwanza kuwaruhusu watu wa jinsia moja kuoana, tarehe 1 Aprili 2001, mijadala juu ya ndoa hizo imewahusu zaidi wale wawili wanaooana: haki zao, jinsi dini inavyowatazama, na malezi ya watoto watakaokuwa nao. Rafiki wa karibu anayeketi safu ya mbele, ambaye ameombwa asimame upande wa mmoja wao, ashike pete, aseme neno au atie saini, ametajwa kwa nadra, ingawa mara nyingi ndiye anayelazimika kuamua katika wiki chache, tangu kadi imfikie hadi siku ya kujibu, jambo ambalo wale wawili walikwisha kuliamua miaka mingi nyuma.

Makala haya yanamhusu mwalikwa huyo. Mifano mingi imetolewa Marekani, na hasa katika jimbo la Ohio, kwa sababu huko ndiko kulikotoka kesi iliyoigeuza sheria ya nchi nzima, na pia kwa sababu huko suala la kuhudhuria au kutohudhuria liliwahi kuwafikia gavana na mhubiri mashuhuri, wote wakalijibu hadharani. Hoja yenyewe ni kwamba pale ambapo ndugu wa damu walikataa kuja, au waliogopa, marafiki ndio waliozifanya sherehe hizo kuwa ndoa, kwanza mbele ya jamii na baadaye katika daftari la serikali.

Dhana ya shahidi wa ndoa si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nikahi haisihi pasipo walii na mashahidi wawili waadilifu, na katika harusi za kanisani wasimamizi wa ndoa hutia saini kitabuni kabla maharusi hawajatoka nje kupokewa kwa vigelegele. Sheria za kiraia nazo zina desturi zake. Afrika Kusini inataka mashahidi wawili na inataka tendo lifanyike milango ikiwa wazi, sharti la zamani lenye shabaha ya kuzuia ndoa za siri, kwa maana mlango usiofungwa unampa yeyote mwenye pingamizi nafasi ya kuingia na kusema. Jimbo la New York hutaka shahidi mmoja angalau, Maine hutaka wawili, ilhali Maryland haihitaji hata mmoja. Pennsylvania ina leseni ya pekee, iliyotokana na desturi ya Waquaker, ambayo haihitaji mfungishaji kabisa, kwa kuwa maharusi hujifungisha wenyewe mbele ya mashahidi wawili.

Waquaker hao, ambao nchini Kenya hujulikana kwa jina la Kanisa la Marafiki, wanastahili kutajwa zaidi, maana hakuna dhehebu lililompa mwalikwa uzito kama wao. Katika ibada yao ya kale hakuna mchungaji anayetamka kwamba wawili hao wameoana. Maharusi husimama katikati ya mkutano ulio kimya, huahidiana, kisha cheti kikubwa husomwa kwa sauti na kila aliyehudhuria hutia saini, watoto wakiwemo, hata karatasi ikajaa majina kuanzia juu hadi chini. Waquaker wa Uingereza, katika mkutano wao wa mwaka uliofanyika York mwaka 2009, waliamua kuzipokea ndoa za jinsia moja sawa na nyingine, miaka mitano kabla ya sheria ya Uingereza na Wales kuanza kutumika mnamo Machi 2014. Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani, kutokana na misheni iliyoanzishwa Kaimosi mwaka 1902, na wengi wao wanaukataa uamuzi huo, jambo ambalo limewatenganisha kwa kiasi kikubwa na wenzao wa Ulaya.

Kabla sheria haijabadilika popote, sherehe za watu wa jinsia moja zilikuwapo bila cheti. Mwanaanthropolojia Kath Weston, katika kitabu alichokitoa mwaka 1991 baada ya kufanya utafiti katika eneo la San Francisco, alieleza kile alichokiita familia za kuchagua, yaani mduara wa marafiki, wapenzi wa zamani, majirani na ndugu wachache waliokubali, ambao pamoja walibeba majukumu ambayo kwa kawaida hubebwa na ukoo: kuuguza, kukopesha, kulea, kuzika. Miaka saba baadaye mwenzake katika taaluma hiyo, Ellen Lewin, alichapisha uchunguzi wa sherehe zenyewe, zikiwa na keki, pete, viapo na wageni waliovalia rasmi, na zote zikiwa hazina nguvu yoyote mahakamani. Ndani ya hali hiyo kuna jambo ambalo wanasheria wengi hawakuliona. Pale ambapo serikali haikuandika lolote, kumbukumbu pekee ya kwamba ndoa imefungwa ilikuwa vichwani mwa watu waliokuja. Wageni ndio waliokuwa daftari. Rafiki ambaye baadaye angesema hakumbuki, au angeona haya kukiri kwamba alikuwepo, aliifuta ndoa ile kwa kiasi fulani, na rafiki aliyeendelea kuwaita wawili hao mume na mume au mke na mke aliishikilia isianguke.

Ndiyo maana matukio ya San Francisco ya Februari 2004 yalikuwa na sura ya pekee. Meya Gavin Newsom aliagiza ofisi ya mji itoe leseni za ndoa kwa watu wa jinsia moja, na tarehe 12 mwezi huo Del Martin na Phyllis Lyon, wanawake waliokuwa wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 50, wakawa wa kwanza. Katika muda wa mwezi mmoja hivi jozi zipatazo 4,000 za wapenzi zilioana katika jumba la mji, wengi wao baada ya kupanga foleni usiku kucha katika mvua, na wafanyakazi wa mji wakajitolea kuja kazini mwishoni mwa wiki ili foleni isonge. Mtu mmoja wa Minneapolis alipiga simu kwenye duka la maua la San Francisco akaomba shada lipelekwe kwa yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile, habari zikaenea, na maagizo yakaanza kumiminika kutoka majimbo mengine, kila shada likiwa limelipiwa na mtu asiyemjua atakayelipokea. Hiyo nayo ilikuwa namna ya kuhudhuria. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya California ilizibatilisha ndoa hizo zote. Martin na Lyon walioana upya tarehe 16 Juni 2008, sheria ilipokuwa imebadilika, na Martin alifariki Agosti mwaka huo.

Ohio ilielekea upande mwingine. Mnamo Novemba 2004 asilimia 62 hivi ya wapiga kura wake waliidhinisha kipengele cha katiba ya jimbo kilichosema kwamba ndoa ni kati ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kipengele hicho kilikuwa bado kinatumika John Arthur, mkazi wa Cincinnati, alipougua ALS, maradhi yanayoziua polepole neva zinazoendesha misuli hadi mgonjwa ashindwe kutembea, kusema na hatimaye kupumua. Mwenzake wa miaka 20, Jim Obergefell, ndiye aliyekuwa akimuuguza nyumbani. Tarehe 26 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mjane Edith Windsor wa New York, kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuzikana ndoa za jinsia moja zilizofungwa kihalali, na siku hiyohiyo wawili hao wakakata shauri kuoana. Ohio isingewafungisha, na Arthur hakuweza kuinuka kitandani. Waliichagua Maryland kwa sababu ya kiutendaji tu: leseni ya ndoa, ambayo ni kibali kinachotolewa na ofisi ya serikali kabla ya sherehe, ingeweza kuchukuliwa huko na mmoja wao, bila mgonjwa kufika mwenyewe.

Ilibaki kumfikisha mgonjwa. Ndege ya hospitali, yenye kitanda na muuguzi, hukodiwa kwa maelfu ya dola, na fedha hizo zilichangwa na marafiki na jamaa baada ya kupelekewa ombi. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea kamati za harusi, vikao vya kila Jumapili na daftari la ahadi, huenda akaona hapa jambo la kawaida, lakini katika Marekani mwalikwa hatarajiwi kuchangia gharama ya harusi kabla ya siku yenyewe. Hutarajiwa kununua zawadi kutoka katika orodha iliyoandaliwa na maharusi. Mchango wa Cincinnati ulikuwa karibu zaidi na mchango wa Waswahili kuliko na desturi ya Wamarekani. Tarehe 11 Julai 2013 ndege hiyo ilitua katika uwanja wa Baltimore, ikasimama pembeni ya njia ya kurukia, na ndoa ikafungwa humo ndani kwa dakika zisizofika kumi, Arthur akiwa amelala na Obergefell akiwa ameketi kando yake ameushika mkono wake. Miongoni mwa waliokuwepo walikuwa marubani, muuguzi, na shangazi yake Arthur, Paulette Roberts, ambaye ndiye aliyewafungisha, akiwa amejipatia daraja ya uchungaji kwa njia ya intaneti kwa ajili ya siku kama hiyo. Kisha ndege ikarudi Ohio. Siku chache baadaye wakili wa haki za raia, Al Gerhardstein, aliwaeleza kwamba cheti cha kifo cha Arthur kingeandikwa kwamba marehemu hakuwa na ndoa, nao wakafungua kesi. Arthur alifariki Oktoba mwaka huo. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Juni 2015, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji wakaamua kwamba hakuna jimbo linaloweza kuwanyima watu wa jinsia moja haki ya kuoana.

Daraja ile ya shangazi inahitaji maelezo, kwa sababu imekuwa njia ya kawaida ya rafiki au jamaa kushiriki. Sheria za majimbo mengi ya Marekani huwaruhusu viongozi wa dini wafungishe ndoa bila kuwachuja kwa imani zao, na Universal Life Church, kanisa lililoanzishwa California mwaka 1962, humpa daraja mtu yeyote anayeiomba, bila malipo, zamani kwa posta na siku hizi kwa intaneti. Massachusetts, jimbo la kwanza kuruhusu ndoa hizi, mnamo Mei 2004, lina utaratibu wenye heshima zaidi: gavana hutoa kibali cha siku moja kwa mtu aliyetajwa jina, afungishe ndoa moja iliyotajwa. New York nayo ilianzisha kibali cha aina hiyo mwaka 2023. Matokeo yake ni kwamba anayesimama mbele na kuuliza kama wawili hao wanakubaliana mara nyingi si kasisi wala karani, bali ni rafiki wa chuoni aliyewajua tangu walipokutana, na hotuba yake, hata ikiwa na mizaha isiyomhusu kila mtu, humfanya mgeni wa mbali aelewe ameitwa kushuhudia nini.

Wadhifa huo una upande wake wa makaratasi, ambao marafiki wengi huupuuza. Huko New York leseni hudumu siku 60, sherehe haiwezi kufanyika kabla ya saa 24 kupita tangu itolewe, na mfungishaji anapaswa kuirudisha ofisini ndani ya siku tano, ikiwa imejazwa na kutiwa saini na maharusi, yeye mwenyewe na shahidi. Karatasi hiyo kwa kawaida huwekwa kwenye meza ndogo pembeni, karibu na kitabu cha wageni, na hutiwa saini haraka kati ya kupiga picha na kufungua shampeni, kwa kalamu iliyoazimwa, na mtu ambaye tayari ana glasi mkononi. Rafiki anayeisahau katika mfuko wa koti la kukodi huwaachia wenzake mashaka ya siku kadhaa.

Kwa mpambe, yaani rafiki anayesimama kando ya bwana au bibi harusi, kazi haitofautiani sana na ile ya harusi nyingine yoyote: kuhakikisha pete zipo, kumtuliza mwenye wasiwasi, kuongoza wageni, kutoa hotuba isiyo ndefu. Tofauti ziko katika mpangilio. Harusi ya kanisani ya Kimarekani imegawanywa pande mbili, ndugu wa bibi upande huu na wa bwana upande ule, baba humleta binti yake, na wapambe hupangwa kwa jinsia. Yote hayo hulazimika kufikiriwa upya pale ambapo kuna mabwana wawili au mabibi wawili. Wengine huingia pamoja kutoka mlango mmoja, wengine hutembezwa na mama zao, wengine huwaacha wageni wakae popote, na ni jambo la kawaida mwanamume asimame kuwa mpambe wa rafiki yake wa kike. Mwenye kuandika haya haoni ubaya kusema kwamba mabadiliko hayo yamezifaidi hata harusi za wengine, kwa kuwa mgawanyo wa pande mbili umekuwa ukiwaaibisha kwa miaka mingi maharusi ambao ndugu zao ni wachache na waliotoka mbali.

Mgawanyo huo ulikuwa na maana nyingine, chungu zaidi, pale wazazi walipokataa kuja. Safu ya mbele isiyo na mtu huonekana na kila aliyeko ukumbini. Marafiki wa karibu hupelekwa kuikalia, na wengi wamewahi kuwatembeza maharusi kuelekea mbele mahali pa baba aliyebaki nyumbani.

Watu wa ngazi za juu walipoanza kuhudhuria, uzito wa mwalikwa ulionekana wazi zaidi. Agosti 2013 Jaji Ruth Bader Ginsburg alimfungisha ndoa rafiki yake Michael Kaiser, rais wa kituo cha sanaa cha Kennedy jijini Washington, akawa mjumbe wa kwanza wa Mahakama ya Juu kufungisha ndoa ya jinsia moja, miaka miwili kabla mahakama hiyohiyo haijakata shauri juu ya suala lenyewe. Wapo waliosema alipaswa kujizuia, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani jaji anayeshiriki katika jambo amekwisha kusema anavyoliona. Mwezi uliofuata, huko Maine, rais mstaafu George H. W. Bush, akiwa katika kiti cha magurudumu, alitia saini kama shahidi katika ndoa ya wanawake wawili waliokuwa rafiki zake, wenye duka la mjini. Miaka tisa kabla ya hapo mwanawe, George W. Bush, akiwa rais, alilitaka bunge libadilishe katiba ya Marekani ili ndoa kama hiyo isiwezekane popote. Hakuna maelezo marefu yaliyotolewa na mzee huyo. Aliombwa na majirani, akaenda.

Mwaka 2015 swali la kama mtu angehudhuria ndoa ya jinsia moja likawa mtihani wa wagombea urais wa chama cha Republican. Seneta Marco Rubio alijibu kwamba angehudhuria ya mtu anayempenda hata kama haafikiani na uchaguzi wake, na Rick Santorum akasema asingehudhuria. Jibu la John Kasich, gavana wa Ohio, ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Katika mdahalo wa Agosti uliofanyika Cleveland alisema kwamba yeye ni mtu wa kizamani anayeamini ndoa ya kimapokeo, kwamba mahakama imekwisha kuamua na uamuzi utakubaliwa, na kwamba alikuwa ametoka tu kuhudhuria harusi ya rafiki yake wa kiume anayewapenda wanaume. Ukumbi ulimpigia makofi. Wachache walikumbuka kwamba kesi ya Obergefell ilipofunguliwa mara ya kwanza jina la mshtakiwa lilikuwa Kasich, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa jimbo lililoikataa ndoa ya ndani ya ndege. Mtu mmoja aliweza basi kuwa mshtakiwa katika kesi na mgeni katika sherehe ya jambo lilelile, na hilo halikuwa unafiki. Urafiki ulikuwa umemfikisha mahali ambapo siasa yake haikuwa imefika.

Dini imelishughulikia suala hili kwa ukali zaidi, na kwa umakini zaidi pia. Alistair Begg, mhubiri mzaliwa wa Scotland aliyehudumu kwa miaka mingi karibu na Cleveland, alieleza katika mahojiano ya mwaka 2023 jinsi alivyomshauri bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa anaoana na mtu aliyebadili jinsia: maadamu mjukuu anajua msimamo wa bibi yake juu ya imani, bibi aende, na apeleke zawadi. Habari hiyo ilipoenea Januari 2024, mtandao wa redio ya Kikristo uliokuwa ukirusha mahubiri yake uliacha kuyarusha, na yeye hakuyarudisha maneno yake. Waliompinga walishikilia kwamba anayehudhuria harusi hayuko pale kama mtazamaji wa mpira, bali anashuhudia na kuridhia. Inafaa kukiri kwamba katika hilo walikuwa na haki. Historia yote iliyoelezwa hapo juu inathibitisha kwamba kuhudhuria ni kutoa ushahidi. Walichokosea ni kudhani kwamba ushahidi huo una maana moja tu. Bibi anayeketi katika safu ya mbele anaweza kuwa anashuhudia kwamba huyu ni mjukuu wake, na hilo hakuna sherehe iliyolifanya wala inayoweza kulitengua.

Kwa wachungaji adhabu ilikuwa ya kweli. Frank Schaefer, wa Kanisa la United Methodist huko Pennsylvania, alimfungisha ndoa mwanawe mwaka 2007, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kanisa, akavuliwa daraja Desemba 2013, kisha akarudishiwa kwa rufaa mwaka uliofuata. Miaka mingi kabla yake, Januari 1999, wachungaji zaidi ya 60 wa kanisa hilohilo walisimama pamoja mjini Sacramento kuubariki muungano wa wanawake wawili, wakiamini kwamba kosa la wengi ni gumu kuadhibika, na ikawa hivyo. Mkutano Mkuu wa kanisa hilo uliondoa katazo mwaka 2024, ukaacha kila mchungaji awe huru kufungisha au kukataa. Uamuzi huo ulizua mtafaruku barani Afrika, ambako kanisa lina waumini wengi, wakiwemo wa Katanga nchini Kongo wanaosali kwa Kiswahili, na Wamethodisti wa Côte d'Ivoire walijitoa Mei mwaka huohuo.

Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya bara hili inayoruhusu ndoa hizi. Mahakama yake ya Katiba iliamua Desemba 2005, na Sheria ya Muungano wa Kiraia ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, ikiwa na kifungu kilichowaruhusu maafisa wa serikali kukataa kufungisha kwa sababu ya dhamiri. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2020, baada ya kuonekana kwamba katika miji mingine hakubaki afisa hata mmoja aliyekuwa tayari. Aprili 2013, huko KwaDukuza katika mkoa wa KwaZulu-Natal, vijana wawili wa kiume, mmoja Mzulu na mwingine Mtswana, walioana kwa mavazi na taratibu za kimila mbele ya wageni wapatao 200. Mchungaji Mpho Tutu alipomwoa Marceline van Furth, profesa wa Uholanzi, mwishoni mwa mwaka 2015, alipoteza leseni yake ya kutoa huduma katika Kanisa la Anglikana la Afrika Kusini. Baba yake, Askofu Mkuu Desmond Tutu, alihudhuria sherehe iliyofuata karibu na Cape Town, akatoa baraka ya mzazi, neno lililochaguliwa kwa uangalifu ili lisihesabiwe kuwa ibada ya kanisa.

Sheria za nchi nyingine za Kiafrika zimemtambua mwalikwa kwa namna nyingine kabisa. Sheria ya Nigeria iliyotiwa saini Januari 2014 inampa anayeshuhudia au kusaidia kufungwa kwa ndoa ya jinsia moja kifungo cha miaka 10, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inawalenga pia wanaoongoza na wanaoshuhudia sherehe ya namna hiyo, kwa adhabu ya miaka hiyohiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitafsiri ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Wakurya wa Mara na Wanandi wa Kenya wana desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke ili apate mrithi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mke wa aina hiyo katika kesi ya mirathi, lakini ndoa hiyo ni mpango wa ukoo na wa mali, usiohusu mapenzi kati ya wawili hao, na wanaoitaja katika mabishano haya, wa upande wowote, huilazimisha kusema isichosema.

Waswahili wanaokutana na mwaliko wenyewe ni hasa wale wanaoishi London, Minneapolis, Toronto au Cape Town, ambako anayeoana ni mfanyakazi mwenzao, jirani, au mtu waliyekua naye mtaa mmoja. Oktoba 2009 wanaume wawili Wakenya walisajili ubia wa kiraia jijini London, hadhi ya kisheria iliyofanana na ndoa kwa wakati huo, na habari zilipofika Kenya waandishi walizifuata familia zao hadi vijijini, ambako wazazi waliulizwa maswali juu ya sherehe ambayo hawakuiona. Asiyetaka kwenda hana sheria inayomlazimisha, na ni adabu ajibu kadi mapema, kwa kinywa chake mwenyewe, asiwaache wenzake wahesabu kiti chake. Anayekwenda na kuombwa kutia saini ajue kwamba jina lake linaingia katika kumbukumbu za serikali na linaweza kuitwa mahakamani miaka mingi baadaye, kwenye talaka au mirathi. Na yeyote aliyeko ukumbini na simu mkononi, kabla ya kurusha picha mtandaoni, awaulize kwanza waliomo ndani yake, mmoja mmoja, kwa kuwa kati yao huenda yupo mwenye tiketi ya kurudi Kampala au Lagos wiki ijayo.